Maji ya Makayabo kwenye Vitunguu

Bahari sijaiona. Ninachojua juu yake ni makayabo, ile samaki ya chumvi inayofika soko ya Butembo ikiwa kavu kama ubao. Rafiki yangu anaiuza pale Kimemi, mjini. Akiisha kuikata ananiwekea mapezi, mifupa na ngozi ndani ya ndoo. Zamani alikuwa anatupa. Nabeba ndoo hiyo mpaka nyumbani Vulamba, na paka za njiani zinanisindikiza kama jamaa.

Nyuma ya jikoni tuko na shimo la gazi. Mavi ya nguruwe inaingia upande mmoja, gazi ya kupikia inatoka kwa bomba la mupira, na upande mwingine kunatoka uji mweusi. Uji huo peke yake ni mbolea. Lakini mwalimu aliyetufundisha kwenye parokia alisema mifupa ya samaki inauongezea nguvu. Alieleza vizuri, nikikosea hapa, kosa ni la kichwa changu, sikusoma sana. Naloweka mifupa, namwaga maji, naloweka tena, mpaka nikilamba maji sisikii chumvi. Halafu naikausha, naitwanga kwa kinu, naichanganya na uji ndani ya pipa, nafunika, nangoja.

Shamba ni la mama mukwe, pale chini ya nyumba. Alinikatia tuta moja la vitunguu pembeni ya yake, akasema mbele ya bwana yangu:

"Miye nalima na majivu, kama mama yangu. Weye lima na mavi yako. Vitunguu ikikufa, tuta inarudi kwangu, na hapana kulia."

Sikuwa na udongo mwingine. Tuta hilo ndilo lilikuwa shamba langu lote.

Vitunguu vikakua vizuri. Halafu asubuhi moja nikakuta upande wa njia majani yamekuwa meupe kwenye ncha, mengine yamelala chini.

"Ndiyo hiyo," mama mukwe akasema. "Nilikuambia. Mavi ya nguruwe inaunguza."

Labda alisema kweli. Labda niliharakisha kufunua pipa. Lakini mbolea niliiweka tuta nzima, na ubaya ulikuwa upande mmoja tu. Nikachuchumaa, nikachukua udongo kidogo, nikauweka kwenye ulimi.

"Eh! Unakula udongo? Uko na mimba?"

"Hapana, mama. Lamba na weye."

Aliniangalia kama mutu anayeangalia kichaa. Lakini akalamba. Akatema: chumvi. Halafu akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

"Ni miye! Ile maji ya makayabo unamwangaka, niliona huruma. Nikasema, huyu mutoto anatupa muchuzi muzima! Nikaipeleka kwa vitunguu yako, ile ya upande wa njia, juu ya kukusaidia."

"Na ya kwako, mama, uliipa?"

"Ya kwangu? Ya kwangu inashibaka na majivu."

Alifanya vile kwa moyo muzuri, lazima niseme, na mimi sikuwa nimemweleza hata siku moja kwa nini nalamba maji. Vile vya upande wa njia havikupona. Vingine vilifunga vichwa vinene kuliko vya majivu. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya mifupa. Tuta langu liko chini kwenye mteremko, pengine linakunywa maji ya tuta lake. Nilimwambia hivyo hivyo.

"Weye unapenda kujishitaki bure," akajibu. Juu ya kunyang'anya tuta hakusema tena.

Juzi nilimkuta ameinama juu ya ndoo yangu, kidole mdomoni.

"Bado," akasema. "Chumvi ingaliko. Badilisha maji."

Nikabadilisha. Akalamba tena, akatikisa kichwa kukubali, halafu akanyoosha mkono kwenye tuta lake mwenyewe, lile kubwa la katikati.

"Basi, na ya hapa, utaiwekea mbolea lini?"