Kalasinga wa Filamu na Fundi Wetu

"Shikamoo, fundi! Kwenye filamu Kalasinga ni wa kupigana au wa kuchekesha. Wewe ni yupi?" Nilimuuliza nikiwa darasa la tatu. Fundi wetu wa malori pale Nkende alicheka tu, akasogeza kilemba kwa kiwiko kisipate grisi, kama kawaida yake.

Jana, nami sasa kidato cha tatu, madereva wawili wakakunjana mashati gerejini kwake, mmoja kashika spana kubwa. "Leo ndiyo filamu yenyewe!" akapiga kelele rafiki yangu Evance, tukapanda juu ya lori kushangilia. Fundi akatoka mbio, mkononi ana upawa! Akawaamuru waweke spana chini na wavue viatu, akawaketisha sakafuni bega kwa bega, akawapakulia dengu na chapati, kama anavyomfanyia kila anayeingia kwake. Kisha akaniona.

"Wewe mwenye swali! Mimi ni yule mpishi wasiyemwonyesha kwenye filamu. Shuka, vua viatu, ule."