Mama Qusai na Maamuli za Kompyuta

Wanawake wa mtaa wetu hapa Irbid, Jordan, tulipoanza kujifunza kuandika programu, aliyetaniwa kuliko wote ni Mama Qusai. Miaka yote tumemjua kwa maamuli, biskuti zake za Idi, na sasa huyo yuko mbele ya kompyuta, miwani puani. Lakini alilitaka darasa la pili kwa moyo wote, na mwalimu wetu, Rawand, alikwisha sema: anayepanda ni yule ambaye programu yake itakubali mbele ya wenzake.

Zamu yake ikafika. Alikuwa ameandika kiundaji, yaani maelekezo unayoyaandika mara moja ili kompyuta ikutengenezee vitu vingi vya namna moja. Ukikitajia cha kujaza ndani na umbo, kinakutolea biskuti. Akakiita kazini kwa tende, akakiita tena kwa njugu za fistiki. Kisha akaiuliza kompyuta biskuti ya tende iko wapi. Hakuna. Ya fistiki je? Hakuna.

Hanaa, binti wa duka la viungo ambaye huketi naye safu ya nyuma, hakuweza kunyamaza. "Mama Qusai, tanuri limezimika, au umezila zote?"

"Ngoja, mwanangu. Mwenye njaa haachi kusemasema."

Tulicheka. Rawand akamwuliza Mama Qusai kwa upole kama angependa kurudia muhula ujao. Akatikisa kichwa kukataa. Akaukagua ukurasa wote, na huko nje, mahali pa wazi pa programu nzima pasipo na biskuti yoyote, akalikuta neno fistiki limekaa peke yake. La tende halikuwepo tena.

Basi akainua mikono, akafanya kama afanyavyo kila mkesha wa Idi: kushindilia donge la unga kwenye kibao cha nakshi kinachotia umbo, kukigonga mezani. Mkono ukasimama hewani.

"Donge sikuweka," akasema taratibu. "Nimegonga nakshi kwenye meza tupu, mara mbili palepale. Ya pili imeifuta ya kwanza."

Akaandika, kabla ya kila wito, lile neno dogo lenye maana ya "mpya", linaloiambia kompyuta ilete donge jingine kwanza. Akauliza tena. Tende, mviringo. Fistiki, umbo la yai. Kila moja na lake.

Vigelegele vikapasua chumba kama harusini, na aliyeanza ni Hanaa. Rawand akatangaza kwamba kiti cha darasa la pili ni chake.

"Kiwe cha mbele," akasema Mama Qusai, akivua miwani. "Huku nyuma wana maneno sana."