Haikuwa Mazuku, Haikuwa Kahindo

Nakumbuka asubuhi moja kule Kyeshero, ukingoni mwa ziwa, mwanangu, na nikiikumbuka damu inanichemka mpaka leo. Usiniambie "Mama, tulia." Situlii! Wiki hii maji yamegeuka kijani tena, samaki zinaelea, watu wanaziokota wakicheka. Na wewe nimesikia umeziuza. Kaa chini.

Nilikuwa msichana wa mtaa wa Mapendo, muuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kila alfajiri nilishuka ziwani kununua kwa wavuvi. Siku ile maji ya ukingoni yalikuwa mazito, kijani kama mchuzi wa sombe, yananuka majani yaliyooza. Samaki nyingi zilikuwa zimekufa. Nyingine zilipanua midomo juu ya maji zikitafuta pumzi, maskini. Bata wawili walilala kando, shingo chini.

Unatujua sisi watu wa Goma. Samaki ikielea, tunasema ni mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini, na kilichouawa na hewa, nyama yake ni safi. Nikasema hivyo hivyo. Nikajaza beseni bila kulipa mutu yeyote, nikapanda nayo Mapendo. Wa kwanza kununua, na wa pekee, alikuwa jirani yangu Mama Furaha, sahani mbili. Nikamwaga zilizobaki nyumbani, nikarudi mbio kujaza tena.

Hapo akanikuta Muzee Bauma, mvuvi wa kutoka milima ya Masisi, mutu wa maneno machache.

"Weye mutoto, unapeleka wapi hizi?"

"Ni mazuku tu, muzee."

"Mazuku inapakaka maji rangi? Bata imekufa hapo, na weye unalisha watu?" Akaipiga beseni teke, samaki zikatawanyika juu ya mawe. "Hizi ndogo watu wanakulaka na tumbo yake yote. Sumu iko mule ndani. Hata uzikaange mpaka zikauke, moto haiondoe kitu. Uliuza zingine?"

"Hapana, muzee."

Nilidanganya. Mwanangu, kuokota zile samaki ulikuwa ujinga, na ujinga husamehewa. Uongo ule ulikuwa wangu, kwa akili zangu timamu.

Nilikuwa na hofu, wacha nikuambie. Kwetu mutu akiugua baada ya kula chakula cha mkono wako, hawaulizi maji wala samaki. Wanasema karuho, umemupa sumu, na jina hilo halitoki. Nikazitupa chooni zile za nyumbani, nikajisemea, labda Mama Furaha hatadhurika. Nikaufunga mdomo, mimi niliyekuwa sifungi mdomo hata kanisani.

Jioni Mama Furaha akatapika. Baada ya siku chache macho yalikuwa ya njano. Na kweli watu wa kwa mume wake wakasema ni karuho! Badala ya kumupeleka hopitali wakamunywesha madawa ya miti ili atapike hiyo sumu, akazidi kwisha. Kisha wakatafuta mwenye mkono mbaya. Kwenye parseli ile ile, kiwanja kimoja na Mama Furaha, aliishi Kahindo, muke wa shemeji yake, mutu wa Butembo, mpole, mkimya. Eti amemuonea wivu. Walimutolea vitu vyake barabarani, godoro, sufuria, na watoto wakimuzomea. Nilisimama mlangoni kwangu nikitazama. Neno moja tu lingetosha. Sikulisema.

Mama Furaha alipona baada ya ndugu zake kumupeleka hopitali kwa nguvu. Kahindo hakurudi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nami nilificha maradhi ya mutu mwingine. Miaka mingi baadaye nilipanda gari mpaka Kalengera, ambako Kahindo alikuwa akilima maharagi. Nikapiga magoti shambani, nikasema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, jembe mkononi.

"Na kule Mapendo," akaniuliza, "umekwisha kuwaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Nilikuja kuomba msamaha sirini kwa jambo alilofanyiwa hadharani! Akainama, akaendelea kulima. Nikarudi, na Jumapili, watu walipotoka misa, nikasimama mbele yao nikasema. Wengine walinitemea mate. Kahindo alikuwa amekwisha kuzeeka bila kurudishiwa jina lake jema.

Kwa hiyo sikiliza, na usinikunjie uso. Maji yakiwa kijani na kunuka, usiyachote, usiyaogee, usimunyweshe hata mbuzi. Samaki iliyokufa humo usiiuze, usiianike, usimupe hata mbwa. Ule uchafu wa kijani unanenepa kwa kinyesi chetu na takataka zetu tunazosukuma ziwani kila mvua, kisha unawapa samaki sumu na kuwanyima pumzi. Tunaliua ziwa kwa mikono yetu, halafu tunasingizia mazuku. Aibu!

Lakini hayo yote ni madogo. Ulimuuzia nani? Ondoka sasa, mlango kwa mlango, useme: "Samaki zangu ni mbaya, usile, na aliyekula aende hopitali." Watakutukana. Acha wakutukane. Ukinyamaza, wao watatafuta Kahindo wao, na hawatakosa kumupata.

Mungu akupe miguu ya kufika kabla ya sufuria kuinjikwa, na sauti isiyotetemeka mbele ya mlango wa watu. Akulinde wewe pamoja na watu wote uliowauzia. Nenda, mwanangu. Usikae hapa kunisubiri nimalize baraka.