Mawese Kwenye Bastola ya Papa

Papa alikuwa mlinzi wa kiwanda pale Shituru, na bastola yake iliheshimiwa nyumbani kuliko sisi watoto wote. Ilikuwa ya chuma cha buluu iliyoiva, karibu nyeusi, na ililala kabatini ndani ya kitambaa laini. Mshahara ulikuwa umepotea, risasi nazo zilikwisha, lakini bastola ilibaki. Bila bastola hakuna ulinzi, na bila ulinzi hakuna nyumba ya kampuni.

Mafuta ya bunduki yalipokosekana mjini, papa aliniambia, "Ipake mafuta." Hakusema mafuta gani. Nikachukua mawese. Kwetu mawese yanaingia kwenye sombe ya majani ya muhogo, kwenye kikohozi na kwenye bawaba za mlango. Bastola ni nani hata iyakatae?

Miezi mitatu ikapita. Siku moja ikatangazwa kwamba mkuu mpya wa walinzi angekagua silaha Jumamosi, na mwenye silaha chafu angeiacha mezani pamoja na kazi. Papa akafungua kitambaa. Mawese yalikuwa yamekauka na kuganda, madoa ya rangi ya kutu kutoka mtutuni hadi kwenye silinda.

Papa akanusa, akanitazama. "Weye, ulitaka kuilinda ao kuipika?"

"Leta ndimu na majivu," mama akasema. "Sufuria zangu zote zinatokaka safi." Akasugua kidogo chini ya mpini. Doa likatoka, na buluu ikatoka nalo. Pakabaki kijivu kama sahani kuukuu.

"Mama, ile hapana sufuria," papa akasema polepole, kama mtu aliyekwisha kuanza kufunga mizigo.

Nikakimbilia kwa jirani, mzee fundi wa treni aliyestaafu. Aliposikia habari ya mawese na ndimu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mutoto, ile buluu haikupakwa. Ni ngozi ya chuma chenyewe, na ndimu inaikula. Leta mafuta ya taa, kitambaa laini na uvumilivu. Uvumilivu weye hauna, tutaazima kwa mama yako."

Mafuta ya taa yaliyokuwepo ni yale ya kusomea. Niliyatoa sadaka palepale. Walimu walikuwa kwenye mgomo, nami niliwaunga mkono kwa moyo wote.

Tulilowanisha vipande vya singlendi, tukavilaza juu ya madoa, tukangoja, kisha tukafuta taratibu bila kukwaruza. Vitambaa vilitoka na rangi ya chungwa. Kwenye mifereji ya silinda tulitumia mswaki, ambao kwa haki kabisa ulikuwa wangu. Mwishoni mzee akadondosha tone moja la mafuta ya cherehani, akalifuta mpaka karibu likauke. Buluu ikarudi, nzito, tulivu, ila pale chini ya mpini ndimu ilipokula, ambapo kiganja kingepafunika.

Jumamosi papa aliondoka bila kunywa chai. Mama aliimba pambio moja asubuhi nzima. Mimi nilipanda ukutani kumngoja.

Nikamwona papa anatokea kwenye kona. Sikumwangalia usoni, nilimwangalia kiunoni. Bastola ilikuwepo.

"Mukubwa alisema nini?" mama akauliza kutoka mlangoni.

"Alisema wengine waje kwangu wajifunze."

Mama akaacha pambio katikati ya mstari, akacheka mpaka akakaa chini. Nyumba yetu ilikuwa ya tatu kutoka kona, lakini papa hakuingia. Alizunguka mtaa mzima polepole, koti limefunguliwa, nami nyuma yake nikiwapigia saluti majirani.