Kwa Nini, Mwalimu wa Chekechea, na Binti Aliyesikia Ndani Tu

Alizaliwa tarehe tisa Machi, mvua ikinyesha, kitinda mimba wa fundi saa na mke wake aliyekuwa akifua nguo za watu. Alipofika miaka mitano alikwisha kuifungua saa ya mteja ili amwone anayegonga mle ndani. Mama yake akasema, "Huyu siku ya kufa atamuuliza malaika amepitia mlango upi." Majirani wakambandika jina la Kwa Nini, nalo likamganda hadi uzeeni.

Wito ulimjia akiwa na miaka kumi na tisa, ufagio mkononi. Alikuwa akisafisha kanisa, na watoto waliochoshwa na mahubiri wakamfuata nje kama vifaranga, naye akawaonyesha sisimizi wakihamisha mayai. Paroko alimkuta amelala kifudifudi vumbini pamoja nao. "Binti, ufagio huu si kazi yako," akamwambia, akampeleka chuo cha walimu wa chekechea. Aliporudi alipewa ghala la zamani la parokia liwe darasa: sakafu ya mbao, madirisha mawili, vigodoro ishirini vya kulalia mchana.

Jaribu lake kubwa lilikuja akiwa na miaka arobaini na moja. Mshonaji mmoja alimleta binti yake wa miaka mitano, asiyepata kutamka neno. Akiitwa haji, akikatazwa haachi. Nesi wa zahanati alikuja darasani, akaangusha kifuniko cha sufuria nyuma yake, mtoto akageuka. "Masikio mazima kabisa," akasema nesi, akaenda zake. Wazazi wengine wakaanza kunung'unika kwamba binti huyo anawaharibia watoto wao, na Jumatatu mwenyekiti wa kamati yao akafika.

"Mwalimu, hiki ni kiburi tu. Sikio la kufa halisikii dawa. Ijumaa aondoke."

"Haya, mzee wangu, Ijumaa. Ila nikishindwa kumwelewa huyu, basi hata mimi siwafai watoto wenu. Tutatoka wote wawili."

Kulikuwa na jambo lililomwasha. Uani, kwenye mchanga, kengele ililia na mtoto hakugeuka hata mara moja; ndani, kiti kikianguka tu, huyo, kageuka. Mtoto gani husikia ndani, nje asisikie? Jumanne alidhani ni upepo. Jumatano aliisogeza kengele karibu na kisogo chake: wapi! Alhamisi, watoto walipokwisha kuchukuliwa, alijaza pamba masikioni, akavua viatu, akampa mshonaji kile kifuniko, akaelekeza uso ukutani. Kilipoanguka, masikio hayakupata kitu. Nyayo ndizo zilizopata.

Ijumaa, mbele ya kamati, alimsimamisha mtoto juu ya vigodoro vinne vilivyopandana. Kifuniko kikaangushwa, mtoto akaendelea kuchezea kifungo cha gauni. Akamshusha kwenye mbao, kikaangushwa tena. Akageuka. Mshonaji akajifunika uso. "Nimemchapa," akasema. "Jamani, mwanangu nimemchapa kwa kutosikia." Mwalimu akaketi karibu naye, akamshika bega.

Mwenyekiti alivua kofia. "Mwalimu, nisamehe."

"Aliyekosewa yuko pale, mzee wangu."

Basi mzee yule akapiga magoti ili uso wake uonekane, akasema maneno yake taratibu. Mtoto akamtazama midomo, kisha akaweka kiganja kifuani pa mzee, pale sauti inapotetemekea, akakiacha hapo hadi mzee alipomaliza.

Watu walitaka kuuita muujiza. "Muujiza gani?" akawajibu. "Tulikuwa hatujauliza vizuri." Kila Jumamosi kwa miaka miwili alisafiri hadi shule ya viziwi kujifunza lugha ya alama, vitoto vikimcheka kwa vidole vyake vizito, naye akicheka navyo. Akalifundisha darasa zima lugha hiyo, mwaka baada ya mwaka, ili asiyesikia asikose wa kucheza naye. Mshonaji naye alijifunza, amekalia kile kiti kidogo, magoti yakikaribia kidevu.

Alifariki tarehe kumi na nne Oktoba, akiwa na miaka sitini na minane, kwa ugonjwa wa mapafu. Siku ya mazishi paroko mpya, mgeni wa mahali pale, alimaliza sala akangoja "Amina". Ikaja nyembamba, ya wazee wachache. Akashangaa, maana kanisa lilijaa hadi nje. Akainua macho kutoka kitabuni, akaona mikono ya watu imeinuka kila benchi, imekwisha kujibu.

Hadi leo wazazi humwendea kaburini na ombi moja, wapewe subira ya kuuliza mara ya pili kabla fimbo haijashuka. Nasi tumuige hapo.