Huondoa Chunusi Wote

Mama Majani alizidharau nyuso za watu. Hakuzichukia, maana chuki inataka nguvu, na nguvu zake alizihitaji kwa kutwanga mwarobaini. Alizidharau tu, kama fundi viatu anavyodharau miguu. Mteja akiingia kwenye chumba chake cha mbele na kukaa kwenye kigoda chini ya dirisha, alimshika kidevu na kumgeuza huku na huku kama anayechagua nyanya.

"Unalala saa ngapi wewe?"

"Mapema tu, mama."

"Mapema ya wapi? Huu uso umekesha na simu."

Wote walikuwa waongo. Karani wa benki, ambaye vipele vya kidevuni mwake vilijipanga kama foleni ya dirishani kwake, aliapa kwamba hana wazo hata moja linalomsumbua, na aliapa huku anatafuna kucha. Walimjia homoni zimewapanda kichwani, mabosi wamewakalia shingoni, waume wamenuna nyumbani, halafu wakataka jani liwasuluhishe. Jani! Kitu ambacho mbuzi hukila huku anatembea.

"Mwarobaini unatibu maradhi arobaini," aliwaambia. "La arobaini na moja ni ujinga, hilo kila mtu na lake."

Walicheka, wakarudi, wakaleta na dada zao. Binadamu ukimtukana vizuri anadhani ni sehemu ya dawa.

Kazi yenyewe alikuwa anaijua, hilo asinyimwe. Alianza kama mwosha nywele saluni, mahali ambapo mwanamke akishalaza kichwa kwenye beseni anatoa siri za ukoo mzima, na huko ndiko alikojifunza kwamba ngozi ina masikio. Mshubiri aliusimamisha kwenye bakuli, penye mkato pakitazama chini, mpaka ule utomvu wa njano unaowasha uchuruzike wote, ndipo achote ute wa ndani. Ndimu hakuruhusu iguse uso. "Ndimu ni ya chai. Ukipaka ukatoka juani utarudi na ramani." Na sheria yake kuu ilikuwa moja: paka kitu kimoja, subiri, uone. Anayepaka vitano kwa mpigo hajitibu, anajipika.

Majani aliyaanika kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashati ya mumewe. Mume alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, na alikwenda kazini ananukia uchungu kama dawa ya minyoo. Hakulalamika. Huenda hakugundua.

Basi ndipo alipokuja shemeji.

Mdogo wa mume huyu alifika na begi moja na methali moja. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema mlangoni, akaingia, akalitazama sofa, sofa likamtazama, wakaoana. Alisema amepita tu. Alikuwa amehudhuria semina nyingi za ujasiriamali, zote zile zenye chakula cha mchana, na kabla chai haijapoa alikuwa amejipa cheo.

"Shemeji, mimi nitakuwa Meneja wako. Wewe una kipaji, ila huna maono."

"Nina macho."

"Unaona? Ndiyo maana unahitaji mtu."

Mama Majani aliguna. Angemfukuza siku ileile, lakini ndugu wa mume ni kama mwiba wa samaki kooni: kuutoa kunataka adabu. Meneja akakaa. Asali ya kuchanganyia dawa akaitia kwenye chai. Tango la kupoozea macho akalila na chumvi. Miguu akaiweka mezani, kwenye meza ileile ya kujazia makopo, akapokea simu kwa sauti ya mtu mwenye ofisi: "Niko kikaoni, nitakupigia." Kikao chenyewe kilikuwa yeye na mto wa sofa.

Na kidevuni mwa Mama Majani kikaota kipele.

Kwanza kimoja, kigumu, kinauma kikiguswa. Kesho yake kikaita wenzake. Umri wake ulikuwa ule ambao damu ya mwezi inakuja ikijisikia, na usiku mwili unawaka moto bila kuni, kwa hiyo alijua homoni zimo. Lakini alijua pia kwamba kila Meneja alipomwita kutoka sofani, "Shemeji, kuna andazi?", kidevu kilidunda.

Ubaya ni kwamba mfamasia wa duka kubwa la dawa alikuwa amesema atakuja Jumamosi. Akiridhika, makopo ya Mama Majani yangepata rafu yao mle ndani, penye kioo na taa, na yeye angeacha kuitwa yule mama wa majani ya kwenye kamba. Ndoto hiyo alikuwa ameilea miaka. Sasa nani atanunua mafuta ya uso kwa mtu mwenye uso kama embe lililopigwa mawe?

Hapo ndipo yule mdharau wa wajinga alipofanya kila kitu alichowatukania wengine. Akapaka mshubiri. Kabla haujakauka akaongeza manjano, juu ya manjano mwarobaini, na Ijumaa, Mungu amsamehe, akakata ndimu. Akalala kama mchuzi, akaamka kama kidonda.

Jumamosi asubuhi alijipaka udongo mweupe uso mzima, akawaambia wateja ni onyesho. Karani wa benki alimtazama kwa raha ya mtu aliyesubiri sana.

"Mama, mganga hajigangi, eh?"

"Kaa kimya uoshwe."

Wakati huohuo Meneja aliingia na bahasha ya lebo, alizozichapisha bila kumwonyesha mtu. Zilikuwa za kijani, zenye picha ya jani ambalo halikuwa la mmea wowote duniani, na chini yake, kwa herufi kubwa: ASILIA ASILIMIA MIA. HUONDOA CHUNUSI WOTE.

Karani alisoma mara mbili, akashika tumbo.

"Chunusi wote? Hizi za usoni ni zote, bwana. Chunusi wote ni wale wa majini, wanaovuta watu miguu na kuwafyonza damu."

"Hiyo ni lugha ya biashara," alisema Meneja.

"Basi niuzie kopo. Kuna mmoja ofisini kwetu, ana cheo kabisa. Anapakwa au ananyweshwa?"

Mama Majani hakucheka, maana udongo ungepasuka. Lakini alimtazama shemeji yake, miguu imesharudi mezani, kijiko cha asali mdomoni, na kitu kikamkaa sawa kichwani.

Mfamasia alikuja akiwa na koti jeupe na haraka. Alinusa kopo, akasugua kidogo mkononi, akauliza kuhusu ule utomvu wa njano, akajibiwa vizuri. Kisha akasema, "Sasa nawa uso, mama, nikuone."

Mama Majani aligusa udongo shavuni. Meneja akawahi: "Shemeji yangu hapo yuko kwenye hatua ya—"

"Nyamaza," alisema Mama Majani, akanawa.

Hata karani hakutania.

"Za homoni hizi," alisema mwenyewe, akijifuta. "Nyingine za ujinga wangu, nimechanganya kama mwehu. Na nyingine za huyu." Akanyoosha kidole sofani.

"Na mafuta yako yanazifanya nini?"

"Yanatuliza. Zikimzidi mtu namtuma kwa daktari wa ngozi. Kuondoa hayaondoi, hiyo lebo ni ya mjinga."

Mfamasia akafunga kopo. "Andika hutuliza, na unionyeshe kabla hujachapa. Rafu nitakupa. Nimechoka na watu wanaoniletea miujiza."

Alipotoka, Meneja aliinua mikono kama mshindi. "Umeona? Tumepata."

Mama Majani alilitoa begi la Meneja nyuma ya sofa, akakunja shati lake, akakunja na la pili, kwa adabu zote, akafunga zipu. Kisha akachukua lebo moja ya kijani, akailamba nyuma, akaibandika juu ya begi na kuibonyeza kwa kiganja.

"Shemeji, unanifukuza?"

"Naanza biashara. Si ulisema sina maono?"

Meneja akamgeukia kaka yake, aliyekuwa mlangoni na kisanduku chake cha bisibisi. Fundi majokofu alisoma lebo polepole, akalinusa shati alilovaa, kama ndiyo kwanza analisikia.

"Asali ilikuwa ya dawa," alisema. Akashika begi, akaenda kumsindikiza.

Wiki zilizofuata Mama Majani alipaka mshubiri peke yake, akasubiri, akaona. Wekundu ulishuka, uvimbe ukanywea, usingizi ukarudi. Vipele viwili vikakataa kuhama kidevuni mpaka leo. Vya homoni hivyo, havikuja na begi.