Kosa Nililoliona Kwenye Draiva ya Maalim

Maalim alifariki Jumatatu iliyopita. Nimewahi kumtaja humu mara mbili tatu, bila jina, kama yule mzee wa Pemba aliyejifunza kuandika programu za kompyuta baada ya kuacha ualimu, na naona wasomaji wa siku nyingi wana haki ya kuijua habari hii. Binti yake alinipigia simu nikiwa kazini. Alizungumza Kiingereza, kama wafanyavyo watoto wetu wengi waliokulia hapa London, akasema baba ameondoka asubuhi ile, mapafu yamechoka, na kwamba atasaliwa kesho yake baada ya adhuhuri. Kisha akaniomba niwaarifu wale watu wa kwenye mtandao aliokuwa akiandikiana nao. Niliwaandikia mistari minne tu, na kabla sijamaliza chai yangu majibu yalianza kuingia kutoka nchi ambazo Maalim hakuwahi kuzikanyaga, kila mmoja akimsifu kwa subira yake na usafi wa kazi yake. Niliyasoma yote, na kila sifa ilinizidishia unyonge, kwa sababu ninayo habari yake moja ambayo wao hawana.

Tulijuana kwenye hitima ya mtu mwingine, kama miaka saba iliyopita. Mimi ni mtu wa kompyuta, na anayejulikana hivyo katika jamii yetu hana raha. Hata matangani ataletewa laptopu iliyogoma. Maalim alikuja na mfuko wa plastiki, nikadhani ndiyo yale yale. Akatoa karatasi thelathini na kitu, zimetobolewa na kufungwa kwa uzi, maelezo ya kiwandani ya kijidude kidogo kuliko ukucha wa mtoto, kinachopima joto na unyevu wa hewa. Alitaka kujua kwa nini ukurasa wa kumi na moja unapingana na ukurasa wa kumi na tisa. Sikujua. Nilikwenda nyumbani nikausoma, nikakuta ni kweli unapingana. Wakati huo alikuwa karani wa mapokezi katika chuo kimoja, akihudhuria masomo ya jioni kwa ruhusa ya wakubwa wake, naye alikuwa amekwishapita hamsini. Nilimpenda siku hiyo hiyo.

Kijidude kile hakikuwa mchezo kwake. Alikuwa akiishi na mkewe na binti yao katika fleti ya ghorofa ya chini, kusini mwa London, mali ya shirika moja la nyumba. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa ukitoka jasho kuanzia Novemba hadi Aprili, na weusi wa ukungu ulipanda kutoka sakafuni hadi kwenye dari. Mkewe alikuwa na pumu, na kila baridi ikiingia alilala amekaa. Waliomba wahamishwe. Shirika likaleta mtu, akatazama dakika tano, akaandika kwamba unyevu unatokana na kupika sana na kuanika nguo ndani. Maalim alinisimulia habari hiyo huku akicheka kwa hasira. "Wanasema ni lifestyle yetu," aliniambia. "Yaani siye tukiacha kula wali, ukuta utakauka." Ndipo akafungua kesi ya kudai kuhamishwa, akaazimia kuupima unyevu mwenyewe, kila dakika kumi, msimu mzima, apeleke namba mahali ambapo maneno yake hayakutosha.

Alinunua kijidude, akakiunganisha na kompyuta kuukuu iliyotupwa na chuo, lakini kompyuta haikuwa na draiva ya kusema nacho, yaani ile programu ndogo inayokaa ndani ya kiini cha mfumo wa kompyuta na kuiwezesha mashine kuelewana na kifaa. Basi akaiandika. Mfumo aliotumia ni huria, unaojengwa na watu wa kujitolea dunia nzima, na ukitaka kazi yako ikubaliwe ndani ya kiini unaituma kwenye orodha ya barua pepe ambayo yeyote anaisoma, na wenyeji wa fani wanaichambua hadharani mstari kwa mstari. Hawana salamu. Mtu usiyemjua anakwambia hii si sahihi, andika upya, na dunia yote inaona. Mimi nilikuwa mmoja wa wachambuzi wa draiva za vipimo. Maalim aliamini kwamba draiva ikikubaliwa rasmi, shirika halitaweza kusema kwamba namba zake zimetoka kwenye mashine ya kienyeji iliyotengenezwa na mzee asiye na digrii.

Alirudishwa mara saba. Kuna Mjerumani mmoja aliyemrudisha mara nne peke yake, kwa maneno ambayo kwetu yangevunja undugu. Maalim aliyachapa maoni yote na kuyaweka kwenye faili, akipiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya kila kosa lake, akinionesha kwa furaha isiyofichika. Alisema Mjerumani yule hana haya lakini ana haki. Ningekuwa na akili, faili lile lingeniambia kila nilichohitaji kukijua juu yake.

Oktoba ya mwaka ule alituma toleo la nane, na zamu ya kulipitia ikawa yangu. Nililisoma nikiwa kwenye treni na nikaliona kosa kabla sijateremka. Kila kipimo kinachotoka kwenye kijidude huja na namba ya uhakiki, inayoonesha kama kimefika salama. Namba hiyo isipolingana na kipimo, draiva inapaswa kusema wazi kwamba imeshindwa kusoma. Ya Maalim haikusema. Ilikuwa inarudisha kipimo cha mwisho kilichofaulu, kimya kimya, kana kwamba kimepimwa sasa hivi. Nilijua hata kosa lilikotoka, maana aliwahi kunisimulia. Shuleni kwake Pemba walikuwa wakipima mvua, na siku mtoto wa zamu alipokosa kuja, Maalim alijaza kipimo cha jana, kwa sababu ofisi ya wilaya ilizikataa fomu zenye mapengo. Miaka ishirini na mbili ya fomu ilikuwa imemfundisha kwamba nafasi tupu ni aibu. Kulirekebisha kosa hilo la draiva kungechukua mistari mitatu tu.

Sikuliandika kwenye orodha. Alikuwa sawa na baba yangu kwa umri, alikuwa mwalimu, na mimi nimelelewa Unguja katika nyumba ambayo mkubwa hasahihishwi mbele za watu. Nikasema nitamwambia ana kwa ana. Ijumaa nilimsubiri baada ya sala, akatoka na wazee watatu, akanishika mkono na kuwaambia kwa fahari kwamba huyu mwanawe ndiye anayempitishia kazi. Nikawasalimu wazee, nikaenda zangu. Wiki ya pili nilikwenda kwao. Mkewe akatupikia, akahangaika na kikohozi jikoni, akatoka anatabasamu akauliza kama kazi ya Maalim ni nzuri. Nikasema nzuri sana, mama. Mwishowe nilimwandikia barua pepe ya faragha, yenye aya tatu za salamu na dua, na mwishoni sentensi moja kwamba akipata nafasi, si vibaya akatazama tena sehemu ile ya uhakiki. Niliilainisha hadi ikakosa maana. Akajibu ahsante mwanangu, nimeona, tutaitazama baada ya kesi. Nami nikatuma kwenye orodha maoni mawili juu ya mpangilio wa nafasi na majina, nikasema mengine nitayaangalia, nikaiacha hapo. Kwa hayo niliyoyasema na niliyoyanyamazia, yeye akaendelea kukusanya vipimo vya baridi ile yote kwa draiva yenye kosa.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa Machi, katika chumba kidogo chenye meza ndefu. Sijawahi kumwona amependeza vile. Suti ya kijivu, kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono imepigwa pasi, na jedwali lake la kurasa mia mbili limefungwa kwa uzi kama yale maelezo ya kiwandani. Shirika lilileta mtaalamu, mwanamke wa makamo, mpole, aliyelisoma jedwali kweli kweli, na hilo ndilo lililotumaliza. Alimuuliza swali moja tu. Kwa nini, katika siku nyingi za Desemba na Januari, unyevu unakaa kwenye namba ile ile kwa saa tano mfululizo bila kupanda wala kushuka hata nukta moja? Maalim alipekua kurasa. Alisema pengine nyumba ilikuwa shwari. Mtaalamu akasema kwa upole kwamba hewa ya chumba wanacholala watu haiwi hivyo, na mwamuzi akaliweka jedwali pembeni. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya Maalim, hatua mbili. Nilijua jibu. Zile saa tano ndizo ambazo umande ulikuwa umekizamisha kijidude kisiweze kusoma, yaani ndizo saa ambazo chumba kilikuwa kibaya kuliko wakati wowote, na draiva ilikuwa ikiandika namba ya kabla hali haijaharibika. Kosa lake lilikuwa limewapendelea wenye nyumba, kisha likatumika kumkataa. Nilibaki kitini mpaka tukaruhusiwa kutoka.

Tulisimama nje, kwenye kituo cha basi. Alikuwa bado na jedwali kifuani. Hakunitazama.

"Uliliona hili?"

"Niliona, Maalim."

"Toka lini?"

"Oktoba."

Basi lake lilikuja, hakupanda. Nilitamani anitukane.

"Mie nimesomesha hesabu miaka ishirini na mbili," alisema. "Mtoto akikosea ubaoni, nikimsahihisha pale pale, mbele ya wenziwe. Hapana aliyekufa. Wewe nani alikwambia mie dhaifu kuliko watoto?"

Nimelitafakari swali hilo kwa miaka, na kila nikilijibu najikuta pabaya zaidi. Nilijisingizia heshima. Lakini mtu unayemheshimu unamdhania kwamba ana uwezo wa kusikia ukweli, na Mjerumani wa watu, asiyejua hata Pemba iko upande gani wa dunia, alimdhania hivyo mara nne. Mimi nilikuwa najilinda mwenyewe, nisionekane mtovu wa adabu mbele ya wazee, nisipoteze kuitwa mwanangu. Tulikuja huku na adabu ya visiwani, ambako mtu uliyemuudhi leo utakutana naye kesho sokoni, kesho kutwa msikitini, na kosa lake unamfikishia kwa kupitia shemeji yake na watu watatu wengine mpaka limfikie. Pale kuna muda. Hapa tuko kwenye mji wa tarehe za mwisho, wa fomu na vikao, na bado tunaambiana nzuri sana. Nzuri sana kwa kijana anayejaza maombi ya ukaazi vibaya, nzuri sana kwa mama anayekunywa dawa mbili zinazopigana. Sisemi tuwe kama wale wa kwenye orodha. Nao wamewavunja watu wengi mioyo bila sababu. Nasema tu kwamba wao walimpa Maalim draiva bora kila mwezi, na mimi niliyempenda nilimpa kipimo cha uongo.

Sijidanganyi pia kwamba mistari mitatu ingemhamisha. Pengine shirika lingepata swali jingine. Nimeona familia zenye barua za madaktari wawili zikiambiwa zifungue madirisha. Ila angekuwa na msimu mzima wa namba za kweli, na mapengo yake yangekuwa ushahidi. Nafasi ile nilimnyima mimi, na sina wa kumsukumia.

Mkewe alifariki Januari iliyofuata, katika chumba kile kile. Maalim aliirekebisha draiva siku arobaini baada ya kumzika, akaituma kama toleo la tisa, ikakubaliwa bila neno. Ipo mpaka leo. Inatumika kwenye nyumba za vioo za kuoteshea maua na kwenye maghala ya kuhifadhia picha za thamani, mahali ambapo watu wanajali sana unyevu ukizidi. Maombi yake ya kuhamishwa hayakufika popote. Alibaki palepale miaka mingine mitatu, mpaka kifua chake nacho kikamshinda. Tuliendelea kusalimiana. Aliniuliza habari za watoto, nami nikauliza za kwake, na hakuniita tena mwanangu.

Kwenye hitima yake, Jumatano, nyumbani kwake, nilikaa chini ya ukuta ule ule. Umepakwa rangi mara mbili na weusi umerudi. Binti yake alisimama mbele ya watu akanishukuru, akasema mimi ndiye niliyemsaidia baba yake kwenye kazi yake miaka yote, na watu wakaniombea dua. Nikaitikia amina. Ndivyo nilivyo, hata Maalim akiwa kaburini nilinyamaza mara nyingine. Kwa hiyo juzi nilimpelekea binti yake safu hii kabla ya kumpa mhariri, nikakaa mbele yake akaisoma polepole, kidole juu ya mstari. Aliuliza jambo moja, kama Oktoba hiyo mama yake alikuwa bado hai. Nikasema ndiyo, ndiye aliyenipikia. Akanirudishia karatasi, akasema ichapishwe kama ilivyo, na akaniomba nisiende kwao kwa muda.

Ninachoweza kuwapa wasomaji wangu ni hiki tu. Ukiona kosa katika kazi ya mtu unayempenda, mwambie siku ile ile, mbele ya yeyote atakayekuwapo, akasirike angali ana muda wa kukasirika na wa kurekebisha. Mimi nilimwepusha Maalim na aibu ya dakika mbili. Yeye akaishi miaka minne baada ya kesi na unyevu ule, na mkewe hakumaliza hata mmoja.